Intaneti ikisuasua nyumbani Lamu: pima kwa waya kabla hujamlaumu mtu

Ukiniita nyumbani kwako kwa ajili ya intaneti, swali langu la kwanza si kampuni gani wala unalipa ngapi. Nitakuuliza ruta imekaa wapi. Katika nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, jibu huwa ni lile lile: iko kidakani. Imewekwa ndani kabisa, chumba cha mwisho, kwenye kishubaka cha chokaa ambapo bibi alikuwa akipanga sahani zake za Kichina, na chini yake kimetandikwa kitambaa cha kufuma. Inapendeza, sikatai. Lakini ruta ni redio, na redio uliyoizika ukutani itazungumza na yule aliye mbele yake tu.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Badilisha kitu kimoja, pima, ndipo uende kwa kingine. Ukihamisha ruta, ukabadilisha nenosiri na ukanunua kebo mpya siku moja, hata mambo yakinyooka hutajua dawa ilikuwa ipi, na mwezi ujao utaanza upya.

Usizime kwanza

Najua mkono unakuwasha kuichomoa ruta na kuichomeka tena. Ngoja kidogo. Zima-washa husaidia kweli, maana ruta ni kompyuta ndogo nayo hulemewa kama nyingine, ila inafuta ushahidi. Tazama taa zake, zipige picha kwa simu, andika saa. Tatizo linalokuja kila saa tatu usiku si ndugu wa tatizo linalokuja kila mvua ikinyesha, na usipoandika saa yote mawili utayaita "mtandao mbovu". Ukishaandika, zima, hesabu nusu dakika, washa, subiri dakika tatu au nne itulie.

1. Pima kwa waya

Chukua laptopu na kebo ya mtandao, ile yenye vichwa vya plastiki angavu vinavyolia "tik" vikiingia. Upande mmoja kwenye tundu la ruta lililoandikwa LAN, upande wa pili kwenye laptopu. Halafu zima waifai ya laptopu. Hapa wengi husahau: laptopu inaendelea kutumia waifai kimyakimya, na vipimo vyote vinakuwa bure. Waombe wa nyumbani wapumzishe simu zao dakika tano. Fungua fast.com au speedtest.net, pima mara tatu, na uandike namba tatu: kasi ya kupakua, kasi ya kupakia, na ping, yaani milisekunde ambazo ujumbe mdogo unatumia kwenda na kurudi.

Rudia alfajiri, rudia adhuhuri, rudia saa tatu usiku watu wakishakula. Vipimo vya wakati mmoja havisemi kitu.

Kuna hesabu moja inayowagombanisha watu na kampuni pasipo sababu. Kifurushi huuzwa kwa megabiti kwa sekunde, lakini programu nyingi za kupakua faili huonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Basi ukilipia 20 na faili likashuka kwa 2.5, hujaibiwa hata senti: 20 gawanya kwa 8 ni 2.5. Tazama herufi, b ndogo ni biti na B kubwa ni baiti. Nishamwona mtu mzima akiapa barazani kwamba anaporwa kila mwezi, kumbe ni herufi.

Laptopu haina tundu la kebo? Adapta ndogo ya USB inatosha. Ukikosa kabisa, simama na simu hatua mbili kutoka kwenye ruta, chumba kile kile, ukiwa kwenye mtandao wake wa 5 GHz, ule wa mbio nitakaoueleza sehemu ya 2. Si sawa na waya, lakini ni afadhali kuliko kupima ukiwa umelala kitandani ghorofani.

Hapo umefika njia panda. Kama kwa waya unapata kasi unayolipia, au karibu yake, na chumbani hupati, ugonjwa umo nyumbani mwako: soma sehemu ya 2 na ya 3. Kama hata kwa waya ni goigoi, ruka mpaka ya 4. Na kama namba ni nzuri kotekote ila unahisi tu kwamba ni polepole, kumbuka kuwa filamu ya HD kamili inataka kama megabiti 5 tu, na ya 4K kama 15. Mtu mmoja mwenye 20 thabiti ana ya kutosha.

2. Kuta zetu

Ukuta wa nyumba ya kale ya Lamu ni matumbawe na chokaa, na unene wake wafika nusu mita. Matumbawe yana vitundu, yanakunywa unyevu, na maji ni adui mkubwa wa mawimbi ya waifai. Ruta nyingi za sasa hutoa mitandao miwili. Ule wa 2.4 GHz hupenya zaidi lakini kasi yake ni ndogo. Ule wa 5 GHz una mbio, ila ukuta mmoja wa namna hii unaukata pumzi. Ndiyo maana mtu anakuwa na mtandao mzuri sana ndani, akivuka mlango mmoja tu anabaki anatazama kiduara kikizunguka.

Nyumbani kwa shangazi yangu nilizunguka na simu nikipima. Mbele ya ruta nilipata megabiti 19. Kwenye msana, yaani ukumbini, ukuta mmoja katikati, 8. Ghorofani kwa binamu yangu, ambaye mkate wake wa kila siku hutoka kwenye laptopu, haikufika 1: kuta mbili, na juu yake dari ya boriti iliyoshindiliwa mawe na chokaa. Tulichofanya ni kuitoa ruta kidakani na kuiweka juu ya ngazi, mahali panapotazama kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba. Kiwanda hakina dari, na vyumba vyote vina mlango au dirisha linalokielekea. Mawimbi hupita milangoni kama watu wanavyopita. Hayana haja ya kutoboa ukuta yakiona uwazi. Binamu akapata 9 siku hiyo hiyo bila kununua chochote. Shangazi alinuna kidogo kwa sababu ya ule waya uliopanda ngazi, kisha akairudisha sahani yake mahali pake.

Kwa hiyo hesabu kuta, usihesabu hatua. Iweke juu kiasi cha kimo cha mtu au zaidi, mahali panapoonana na milango mingi. Isikae nyuma ya televisheni, wala ndani ya kabati la chuma, wala ubavuni mwa birika la kuhifadhia maji. Isikae juu ya friji pia. Ukiwa na maikrowevu, jua kwamba nayo hutumia eneo lile lile la 2.4 GHz, ikipasha chakula, simu iliyo karibu yake husuasua mpaka chakula kiive. Antena za nje, kama zipo, zisimamishe wima. Ukitaka ghorofani pafikike zaidi, moja ilaze.

Hata baada ya kuhamisha, nyumba ya ghorofa mbili au tatu yaweza kubaki na vyumba vilivyokauka. Hapo wengi hukimbilia ripita, kile kidude cha kuchomeka ukutani. Mimi sikishauri kwa nyumba za mawe. Ripita ya redio moja husikiliza na kusema kwa zamu, hivyo kasi hupungua kwa nusu hivi. Na ukiiweka mahali ambapo mtandao umeshadhoofika, itarudia udhaifu huo huo kwa sauti kubwa. Dawa ni waya: kebo kutoka kwenye ruta mpaka ghorofani, na kule juu ruta ya pili, hata kuukuu, iliyozimwa kazi ya kugawa anwani, yaani DHCP, ili isigombane na ya kwanza. Kebo iwe imeandikwa Cat5e au Cat6 kwenye ngozi yake, shaba tupu. Ile iliyoandikwa CCA ni alumini iliyopakwa shaba, rahisi dukani, ghali baadaye. Urefu wowote usiozidi mita 100 hauna shida.

Ipitishe kando ya boriti, kwenye ngazi, dirishani. Kutoboa matumbawe kuna mambo yake: jiwe humeguka, na chokaa huanguka kipande kikubwa kuliko ulichokusudia. Tena mji wa kale umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo kabla ya kugusa ukuta wa nje waulize watu wa Makumbusho.

Mafundi wengi watakuambia ubadilishe chaneli, yaani kijia cha mawimbi ambacho ruta inatumia, na kwenye 2.4 GHz uchague 1, 6 au 11 kwa sababu hizo tatu hazipandani. Ni kweli. Ila ukuta ule ule unaokuudhi ndio unaokukinga na waifai ya jirani, na kwa nyumba ya mawe chaneli huwa jambo dogo. Aliye ghorofa ya juu, chini ya paa la makuti, au ndugu zetu wa Malindi kwenye fleti za matofali ambako simu inaorodhesha mitandao kumi na mitano, hao ndio wenye kufaidika nayo.

3. Nani yumo?

Angalia chini ya ruta: kuna kibandiko chenye anwani kama 192.168.1.1 au 192.168.8.1, jina na nenosiri la kuingilia. Iandike anwani hiyo kwenye kivinjari na utafute orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kwa shangazi nilikuta kumi na saba. Nyumba ina watu watano.

"Shangazi, nina swali. Hizi simu nyingine ni za nani?"

"Za nani tena, mwanangu? Za watu. Si tulikuwa na harusi? Mgeni akikuomba utamnyima?"

Huwezi kushindana na hilo, wala usijaribu. Nilichofanya ni kuwasha mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi zinao, nikauwekea kikomo cha kasi, na nenosiri la zamani nikalibadilisha. Wageni wanaendelea kukaribishwa, lakini kazi ya binamu haikatiki.

Kinacholiwa zaidi mara nyingi si kupakua bali kupakia. Simu zenu hupeleka nakala za picha na video mawinguni zenyewe. WhatsApp, kwa kawaida yake, hutunza nakala saa nane usiku, lakini programu za picha hazina saa, zinaanza pale tu simu inapoonja waifai. Mtu akirudi kutoka ufukwe wa Shela na video mia mbili, njia ya kupakia inajaa. Ikijaa, hata kupakua kunakwama, kwa sababu kila kipande unachopokea kinahitaji jibu dogo la "nimepata" lirudi, na majibu hayo yamo kwenye foleni nyuma ya video za Shela. Jipime hivi: angalia ping nyumba ikiwa imetulia, kisha anza kupakia faili kubwa na uangalie tena. Ikipanda kutoka 40 hadi 600, umemshika mwizi. Weka nakala zifanyike usiku, na kama ruta ina mpangilio wa QoS au SQM, ule unaopanga foleni ili kazi moja isizibe nyingine, uwashe na uweke kikomo chini kidogo ya kasi yako halisi.

4. Njia ya kuja kwako

Hapa kwa waya pia ni polepole. Kinachofuata kinategemea intaneti inaingiaje nyumbani.

Ruta ya laini ya simu. Ndani ya ukurasa wa ruta tafuta namba inayoitwa RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara yanayokufikia. Ni hasi: 80 na kitu ni nzuri, 100 ni ya kuvumilia, 110 na kuendelea ni taabu. Tembea na ruta, dirisha hadi dirisha, ghorofa hadi ghorofa, ukiipa dakika mbili kila mahali. Utakuta mahali pazuri pa kushika mnara ni juu kabisa, na mahali pazuri pa kugawa waifai ni katikati ya nyumba, na ruta ni moja. Usinunue waya mrefu wa antena kuunganisha juu na chini, maana mawimbi hufia njiani. Peleka ruta yenyewe juu, ikingwe na mvua na jua, kisha ushushe kebo ya mtandao mpaka kwenye ruta ya pili.

Kama RSRP ni nzuri, alfajiri unapata 25 na usiku 3, mnara umejaa watu. Hapo hakuna antena itakayokusaidia. Azima laini ya kampuni nyingine, ijaribu saa hiyo hiyo ya usiku, ilimradi ruta yako haijafungwa kwa kampuni moja. Soma pia masharti ya kifurushi: vingi vinavyoitwa visivyo na kikomo hushusha kasi ukishavuka kiasi fulani, na ikiwa kila mwezi unaharibikiwa kuanzia tarehe zilezile, huo ndio ugonjwa.

Sahani ndogo ya redio juu ya paa. Kwa hii Lamu ina maadui watatu: mnazi uliokua mbele yake, upepo wa kusi, na chumvi. Sahani ikisogea kidogo tu haionani tena na mwenzake wa mbali. Chumvi ndiyo hatari zaidi kwa sababu haionekani. Mwaka mmoja wa kusi kali mtandao wangu ulishuka mpaka nusu ya nilichokuwa nikilipia, kampuni ikaniambia nizime na niwashe, nikazima na kuwasha wiki nzima. Mwishowe nikapanda paani na kuchomoa kebo. Kati ya pini nane za kichwa chake, mbili zilikuwa na ukungu wa kijani, ile rangi ya sufuria ya shaba iliyosahaulika. Laptopu huonyesha kasi ambayo imekubaliana na kifaa cha upande wa pili, megabiti 1000, 100 au 10. Nilipoipeleka juu na kuchomeka hapo, ilisema 10. Nikakata kichwa, nikarudi nyuma kiganja kizima mpaka shaba ikang'aa, nikabana kichwa kipya. Ikarudi 100.

Ukifanya hivyo, acha kebo ining'inie kidogo chini ya tundu kabla ya kuingia, ili maji yadondoke pale na yasifuate waya mpaka ndani, kisha uzungushie mkanda wa mpira. Ukague kila kusi ikiisha. Na ukipanda paa, usipande peke yako.

Nyaya za mwanga, yaani faiba. Taa iliyoandikwa LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki na huna la kurekebisha ndani, piga simu. Kama taa ni za kijani lakini kasi ni mbovu, fuata waya kwa macho. Uzi wa kioo hauvumilii kukunjwa: ukiupinda kwa kona kali, au ukiubana na mguu wa kitanda, mwanga unavuja. Usiguse ncha yake, wala usichungulie ndani. Fuata mpaka nje pia. Kwenye kichochoro kimoja cha Langoni kebo ilikuwa imefungwa kimo cha ubavu wa punda, na punda wakipita na mizigo ya mawe walikuwa wakijikunia hapo hapo. Iliinuliwa hatua mbili juu, ikawa basi.

Satelaiti. Starlink inauzwa Kenya tangu 2023, na kwa visiwani na mashambani imewafaa wengi. Satelaiti zake huruka kama kilomita 550 tu juu, ilhali zile za zamani hukaa karibu kilomita 36,000, ndiyo maana za zamani zilikuwa na ule ucheleweshaji wa kukatana maneno. Lakini inahitaji anga wazi. Programu yake ya simu huchora ramani ya vizuizi. Itazame siku ya upepo, kwa sababu kuti linaloyumba huziba kwa sekunde mbili, linaondoka, linarudi, nawe unadhani ni hewa mbaya.

Adapta ya umeme, kwa wote: ikiwa ya asili iliungua na ukanunua nyingine, volti zifanane kabisa na ampea zisipungue. Adapta dhaifu huiwasha ruta vizuri, ikipewa kazi nzito inajizima na kuwaka tena.

5. Pale kosa si lako wala si la jirani

Kurasa zikichelewa kuanza kisha zikafunguka mara moja, jaribu kubadilisha DNS, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani: weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8. Haiongezi kasi ya kupakua, mtu asikudanganye.

Mara nyingine ni bahari. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Afrika Mashariki nzima ikayumba kwa siku kadhaa. Dalili yake ni kwamba huduma kubwa zenye nakala zao humu nchini zinakwenda, ila tovuti za mbali zinakokota, na hali ni hiyo hiyo kwa wenye kampuni tofauti. Uliza Nairobi, uliza Mombasa. Nako wakilalamika, shuka kwenye paa lako.

6. Sasa piga simu

Uwe na karatasi mkononi: vipimo vya waya vya siku tatu kwa saa zake, picha ya taa, RSRP kama ni laini ya simu, na orodha ya ulichokwisha jaribu. Anayepokea atakuambia uzime na uwashe. Mwambie kwa upole kwamba umefanya, taja saa, kisha uliza maswali mawili: upande wao wanaona mstari wangu umewekewa kasi gani, na mwanga au mawimbi yanafika kwa nguvu gani? Omba namba ya lalamiko na uiandike. Wakikuzungusha, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupokea malalamiko ya wateja, ila itataka kwanza kuona kwamba ulilalamika kwa kampuni, na hapo ndipo ile namba na ile karatasi zinapofanya kazi.

Fundi akishakuja na mambo yakakaa sawa, pima tena kwa waya kabla hajaondoka, andika namba na tarehe kwenye kipande cha karatasi, ukigundishe chini ya ruta.